Mwaka mzima wa masomo na vyama: mwongozo kwa mwanafunzi wa shule ya upili Mombasa

Kila Januari wazazi hunijia na methali ileile: mshika mbili moja humponyoka. Mmoja anataka mtoto aache maigizo ashike Kemia, mwingine anataka kandanda isimame mpaka KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya upili, ipite. Mimi ni mwalimu na mlezi wa vyama shuleni, na jibu langu halibadiliki. Masomo na vyama hugombana pale tu mwanafunzi anapovipa uzito ule ule kila wiki ya mwaka. Mwaka wa shule una miezi ya jukwaa na una miezi ya dawati. Anayeitambua tofauti hiyo tangu wiki ya kwanza hupata vyote viwili bila kukesha.

Nimemwandikia mwanafunzi wa Mombasa, wa kutwa au wa bweni, pamoja na mzazi wake. Mji wetu una mambo yake: joto la kaskazi, foleni ya kivuko cha Likoni, madrasa ya Jumamosi na Jumapili, Ramadhani inayoangukia katikati ya mashindano. Kalenda ya wizara haitaji hata moja kati ya hayo, kwa hiyo ni juu yako kuyaingiza.

Hatua ya kwanza: jua mtihani wako wa mwisho uko wapi

Mwaka huu wa 2026 shule za upili zina madarasa matatu yasiyofanana. Kuna Gredi ya 10, waliofungua sekondari pevu chini ya mtaala wa umilisi, halafu kuna Kidato cha Tatu na cha Nne wanaoumalizia mfumo wa zamani wa 8-4-4. Kidato cha Kwanza na cha Pili hakuna. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027.

Ukiwa Gredi ya 10, umo kwenye mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM); Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Masomo yako ni saba. Manne ni ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu umeyachagua mwenyewe. Hilo la huduma kwa jamii lishike vizuri, maana kazi unayoifanya chamani inaweza kukusaidia humo. Mtihani wako wa kumaliza uko 2028, kwa hiyo huu ndio mwaka wa kujaribu chama ambacho hujawahi kukigusa.

Kidato cha Tatu ni mwaka wa uongozi. Chukua uenyekiti, ukatibu au unahodha sasa, kwa sababu mwaka ujao hutakuwa na nafasi. Kidato cha Nne naye abaki chamani, lakini hadi mwisho wa muhula wa kwanza tu, isipokuwa mashindano yenyewe yakimpeleka mbele. Na kama anasoma Kilimo, Kompyuta au Sanaa na Ubunifu, akumbuke kwamba ana mradi wa mtihani unaoanza mapema mwaka huu na kukabidhiwa kabla ya karatasi za Novemba. Mradi huo auhesabu kama chama kizima.

Hatua ya pili: chora mwaka kwenye karatasi moja

Nunua karatasi ya manila, uibandike ukutani au ndani ya mlango wa kabati la bweni. Chora visanduku 36, kimoja kwa kila wiki ya masomo: 13 za muhula wa kwanza, 14 za muhula wa pili, 9 za muhula wa tatu. Zitazame kwanza kabla ya kuandika lolote. Muhula wa tatu ni mfupi mno, nao ndio unaobeba mitihani mikubwa. Hapo peke yake panakuonyesha kwamba chochote kizito lazima kiishe kabla ya Agosti.

Kwa kalamu nyekundu weka mitihani: wa kufungulia shule, wa katikati ya muhula, wa kufungia, na ule wa majaribio kwa Kidato cha Nne. Mwalimu wa taaluma anazo tarehe zote wiki ya kwanza, mwendee.

Kwa kalamu ya kijani weka msimu wa mashindano. Muhula wa kwanza ni wa maigizo na filamu, wa maonyesho ya sayansi na uhandisi, wa mpira wa kikapu, mpira wa mikono, magongo na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili ni wa tamasha la muziki, kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Yote hupanda kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, ukanda wa Pwani, kisha taifa. Mombasa ina kaunti ndogo sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, kwa hiyo ngazi ya kwanza ni safari ya matatu moja tu. Ngazi ya ukanda inaweza kukupeleka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River au Lamu ukalala huko siku kadhaa. Wanafunzi wengi huandika ngazi ya kwanza pekee, kana kwamba wamekwisha kushindwa. Matokeo yake ushindi wenyewe ndio unaowavurugia masomo, kwa sababu hakuna aliyetenga wiki za kufidia. Weka ngazi zote nne. Ukitolewa mapema, utakuwa na wiki za ziada za kusoma.

Kwa kalamu ya tatu weka ya dini na ya nyumbani. Mwaka 2026 Ramadhani iko kati ya katikati ya Februari na karibu tarehe 20 Machi, na Kwaresima imeanza siku zile zile, maana Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kwa miaka michache ijayo itaendelea kuwa ndani ya muhula wa kwanza. Idd-ul-Adh-ha iko mwishoni mwa Mei. Kama kuna harusi ya dada au maziara ya babu, andika pia. Mambo haya si kero ya ratiba, ndiyo maisha yetu, na yakiwa ukutani hakuna atakayeshtuka.

Hatua ya tatu: chagua vyama viwili, kimoja kizito na kimoja chepesi

Kizito ni kile kinachokutaka kila siku kwa wiki kadhaa na kukutoa shuleni: maigizo, kwaya, timu ya mchezo, mradi wa sayansi. Chepesi ni kile kinachokutana mara moja kwa wiki bila kukusafirisha sana: Chama cha Kiswahili, mdahalo, uandishi wa habari, mazingira, Msalaba Mwekundu. Chukua kimoja cha kila aina. Vizito viwili vya muhula mmoja usithubutu. Mwanafunzi anayecheza mpira wa kikapu na kuigiza kwa wakati mmoja mwishoni huiangusha timu, huliangusha jukwaa, na Hisabati pia huiangusha. Lakini vizito viwili vya mihula tofauti vinawezekana kwa mwenye nidhamu: sayansi muhula wa kwanza, kwaya muhula wa pili.

Vyama vya dini, kile cha wanafunzi Waislamu na vile vya Wakristo, mimi sivihesabu kati ya hivyo viwili. Huko mtoto anakwenda kwa ibada na malezi.

Kabla ya kuandikisha jina, mwendee mlezi wa chama umuulize maneno manne. Mnakutana siku gani na mpaka saa ngapi? Mashindano yenu yako wiki zipi? Kuna gharama gani za sare, nauli au vifaa? Na mwaka jana wanachama walifidia vipi vipindi walivyokosa? Mlezi mzuri atajibu la mwisho bila kusita. Asipokuwa na jibu, hicho chama kitakula masomo yako, hata kama kina vikombe kabati zima.

Kuna pia Tuzo ya Rais, iliyokuwapo Kenya tangu 1966, na naipendekeza kwa moyo wote. Ina ngazi tatu: Shaba kuanzia miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16. Unafanya huduma, unajifunza ujuzi, unafanya mazoezi ya mwili, kisha unakwenda safari ya miguu pamoja na wenzako. Shaba humalizika kwa miezi sita hivi ukifanya saa moja kwa wiki katika kila sehemu, na safari yake ni ya siku mbili na usiku mmoja. Uzuri wake ni kwamba haikutaki mambo mapya kila upande. Mchezaji wa netiboli tayari ana mazoezi ya mwili, na anayesafisha ufuo na chama cha mazingira tayari ana huduma. Gredi ya 10 waongee na mwalimu wa Huduma kwa Jamii waone ni kazi ipi inayoweza kuandikwa pande zote mbili.

Shule yako haina chama unachokitaka? Kianzishe. Tafuta mwalimu mmoja aliye tayari kuwa mlezi, wenzako wanaotosha kujaza darasa moja, na barua ya ukurasa mmoja kwa naibu wa mwalimu mkuu inayosema mtafanya nini, siku gani, mahali gani. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968.

Hatua ya nne: panga wiki, usipange siku

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa mpaka saa kumi na moja kasorobo. Una saa moja na robo kila siku, siku tano. Zigawe hivi: siku mbili za chama kizito, siku moja ya chama chepesi, siku moja ya kumwona mwalimu wa somo linalokusumbua, na Ijumaa iache wazi. Ijumaa ya Mombasa ina swala ya mchana, na wengi wa bweni hupokea wageni au huandaa safari za mwisho wa juma.

Msimu ukifika chama kizito kitataka siku nne. Kipe, kwa wiki ulizoziandika za kijani tu. Wiki nyingine zote kirudi kwenye siku mbili, hata mkufunzi akinuna.

Wa kutwa ahesabu na njia. Anayevuka Likoni baada ya saa kumi na moja anavuka pamoja na mji mzima, na anayeelekea Mtwapa au Miritini anakaa kwenye msongamano wa magari. Saa hiyo ya njiani usiitegemee kwa kusoma kitabu, huwezi, umesimama. Itumie kwa vitu vya kukariri: misamiati, fomula, mistari ya shairi. Kazi ya kuandika ifanye shuleni kabla ya kutoka, au alfajiri. Wa bweni ana prepu, saa za kujisomea usiku, na prepu ni ya masomo. Msiigize kwenye prepu.

Muhula wa kwanza: jukwaa, maabara na joto

Januari hadi Machi ndiyo miezi ya joto kali, na ndiyo miezi tunayowataka watoto wakimbie uwanjani saa tisa na nusu jua likiwa bado linachoma. Timu zianze na mafunzo ya mbinu kivulini, mbio zije saa kumi na nusu. Kila mmoja awe na chupa yake ya maji.

Ramadhani ikiingia, mambo hubadilika. Mwenye kufunga ana akili nyepesi baada ya daku na swala ya alfajiri, na anachoka alasiri. Kwa hiyo Hisabati na Fizikia zihamie alfajiri, na mazoezi ya chama yafupishwe. Waigizaji wafanye mazoezi ya miondoko na kupanga jukwaa jioni, mazoezi ya sauti yawe Jumamosi mapema, koo kabla halijakauka. Mwanafunzi anayekwenda tarawehe asiwekewe kazi ya usiku. Mlezi asiye Mwislamu huenda hayajui haya yote, na mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe anayeona haya kuyasema. Yaseme, kwa adabu, kabla mwezi haujaandama.

Sasa nikae kidogo kwenye mradi wa sayansi, kwa sababu hapa ndipo masomo na chama hukutana waziwazi kuliko pengine popote, na ndipo watoto wetu wa Pwani wana hazina wasiyoitumia. Mradi mmoja huonyeshwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Waamuzi hutazama mambo matatu: maandishi, maelezo ya mdomo, na fikra ya kisayansi yenyewe. Wengi hukimbilia kengele ya wezi au taa ya jua iliyounganishwa na fundi wa mtaani. Kifaa hicho hakina swali ndani yake, na mwamuzi hugundua dakika ya pili.

Chukua mfano huu. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Uliza: je, chumvi hiyo hubadilika bahari ikijaa na kupwa? Chagua visima vitatu, kimoja karibu na maji huko Mji wa Kale, kimoja Majengo, kimoja nje ya kisiwa, Kisauni. Misikiti mingi ina visima. Omba ruhusa kwa msimamizi. Chota maji kwenye kila kisima wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kisha chota tena wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Chupa ziwe za aina moja, na kila chupa iandikwe mahali, tarehe na saa.

Shuleni pima mililita 100, zichemshe kwenye bakuli la maabara mpaka maji yaishe, punguza moto mwishoni ili mabaki yasiruke, acha lipoe, kisha pima uzito. Rudia mara tatu kwa kila sampuli utoe wastani. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo mililita 100 za bahari zitakuachia gramu 3.5 hivi, hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Maji ya kisima yataacha kidogo sana, pengine sehemu ya gramu, na mizani ya shule isiyosoma vizuri itakudanganya. Ikiwa mizani ni hafifu, chemsha mililita 500 badala ya 100.

Mwamuzi makini atakuuliza: mabaki haya yote ni chumvi ya bahari? La. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo huyeyusha madini ya kalsiamu majini; ndiyo maana sabuni haitoi povu kwa baadhi ya visima. Tone la myeyusho wa nitrati ya fedha likitoa mashapo meupe ya punje majini linaonyesha kwamba kloraidi ipo. Ukilijibu swali hilo mwenyewe kabla ya kuulizwa, umepata alama za fikra. Na tazama ulichokisoma njiani: chumvi na ugumu wa maji wa Kemia, maji ya ardhini ya Jiografia, wastani na grafu za Hisabati. Hakuna kipindi ulichopoteza.

Anza Januari yenyewe, maana kaunti ndogo haichelewi. Bamvua mbili tu zikikupita, mradi umekwisha.

Likizo ya Aprili

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, na ni jambo jema. Lala. Kisha tumia wiki ya mwisho kufidia vipindi ulivyokosa ukiwa mashindanoni, ukiwa na daftari la mwenzako aliyebaki darasani. Kubalianeni naye tangu Februari, umnakilie na wewe siku akisafiri. Waigizaji waliofika ngazi ya taifa likizo yao itakuwa imeliwa. Wao wapunguze chama chepesi mpaka Juni.

Muhula wa pili: wiki 14 ndefu

Huu ndio muhula wa kujenga. Masika inanyesha, upepo wa kusi unaingia, hewa inapoa, na kichwa hufanya kazi vizuri. Kwaya na timu za kandanda ziko mbioni, lakini mwenye chama kizito cha muhula wa kwanza sasa yuko huru. Asijaze nafasi hiyo na chama kingine kwa sababu tu wenzake wanafanya mazoezi. Huu ni wakati wake wa kuyarudia masomo aliyoyapita kwa haraka.

Kwa vyama vya mazingira muhula huu una faida yake, mvua ikiwa imelainisha ardhi. Nendeni kwenye mikoko ya hori ya Tudor maji yakiwa yamepwa. Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na mzee yeyote mvuvi atawaonyesha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Mwanafunzi wa Biolojia aliyeshika kwa mkono mizizi ya mchu inayochomoza matopeni hatahitaji kukariri jinsi mmea unavyopumua mahali pasipo na hewa. Wa Historia waende Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011. Waende na maswali matatu yaliyoandikwa, si kupiga picha tu na kurudi.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote katika muhula huu ni ukatibu. Watoto wanaukimbia, kila mmoja anataka uenyekiti. Lakini katibu ndiye anayefaidi. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ni ya insha mbili zenye alama 20 kila moja, na ile ya lazima huwa ni ya kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, ripoti, mahojiano, tahariri, kumbukumbu za mkutano. Katibu wa Chama cha Kiswahili huandika kumbukumbu kila wanapokutana. Mwenzake hukutana nazo chumba cha mtihani.

Ziandike kwa utaratibu kamili, hata kama mkutano ulikuwa wa watu wanane chini ya mwarobaini. Kichwa kitaje chama, mahali, tarehe na saa. Wafuate waliohudhuria, vyeo vyao vikionyeshwa, kisha waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, na waalikwa. Weka ajenda. Halafu kila kipengele kipewe nambari na kichwa chake: kufunguliwa kwa mkutano, kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizopita, masuala yaliyotokana nazo, shughuli mpya, mengineyo, kufungwa kwa mkutano. Mwisho ni nafasi ya sahihi na tarehe, ya mwenyekiti na ya katibu. Tumia wakati uliopita na nafsi ya tatu. Andika lililoamuliwa na nani atalitekeleza, usiandike kila neno lililosemwa. Katibu anayeandika "mwenyekiti alilumbana na mweka hazina" bado hajaijua kazi. "Wanachama waliagiza hesabu ziwasilishwe mkutano ujao" ndiyo kumbukumbu.

Mdahalo nao una kazi yake. Mpeni kila msemaji upande asioupenda. Anayeamini bodaboda zipigwe marufuku katikati ya mji azitetee, na kinyume chake. Insha ya hoja inataka mtu aliyewahi kusikia upande wa pili ukisemwa vizuri.

Kidato cha Nne, mtihani wa majaribio uko mbele yako muhula huu. Kama bado una cheo, kikabidhi mapema, na makabidhiano yawe ya maandishi: daftari la kumbukumbu, orodha ya wanachama, hesabu za fedha.

Neno kwa mzazi

Alama zikishuka, usimwondoe mtoto chamani siku hiyo hiyo. Kaa naye na karatasi zake za mtihani. Kama amekosa maswali ya wiki alizokuwa Kilifi na timu, tatizo ni kufidia, na linatibika kwa wiki mbili. Kama amekosa kila mahali, chama si chanzo, na kumwondoa kutamnyang'anya tu kile kinachompa hamu ya kwenda shule.

Dai barua ya shule kwa kila safari, inayotaja mwalimu anayeandamana nao, gari, saa ya kurudi na gharama. Ni haki yako, wala hakuna mwalimu wa maana atakayekasirika. Kwa binti wa kutwa, uliza mapema mazoezi yakichelewa atarudi na nani. Wasichana wengi wazuri huacha michezo kwa sababu ya giza la njiani tu, na wazazi wawili watatu wa mtaa mmoja wakipeana zamu za kuwapokea stejini, jambo hilo limekwisha. Na gharama ikikushinda, mwambie mlezi faraghani. Shule hupata njia mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Muhula wa tatu: dawati

Wiki tisa. Vyama vizito vifungwe. Chepesi kibaki, mara moja kwa wiki, kwa ajili ya pumzi. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani kwa kawaida huangukia mwanzoni mwa muhula huu. Siku moja ya huko inamtosha mwanafunzi wa Kilimo au Biashara akienda na daftari. Baada ya hapo ni karatasi za miaka iliyopita, kwa saa, bila kitabu pembeni. Wenye chama kimoja tayari wanajuana, kwa hiyo waunde kikundi cha kusoma cha watu wanne au watano. Waigizaji wa Februari huwa kikundi kizuri cha Fasihi cha Septemba. Anayetafuta utulivu aende maktaba ya umma mjini.

Wiki ya mwisho, kabla ya kufunga, kusanya kwenye faili moja vyeti vyote vya mwaka, nakala za kumbukumbu ulizoziandika, picha za mradi, na ukurasa mmoja wa maelezo yako mwenyewe: ulifanya nini, saa ngapi, nani alikusimamia. Mpe mlezi atie sahihi akiwa bado anakukumbuka vizuri, maana walimu huhamishwa. Gredi ya 10 wataihitaji kwa Huduma kwa Jamii, na Kidato cha Tatu watakapoomba vyuo au ufadhili wataulizwa hayo hayo.

Kisha mwulize mlezi wa maigizo kama mswada wa mwaka ujao umeshapatikana. Vyama vingi huchagua waigizaji kabla ya Desemba, na anayengoja Januari hukuta nafasi zimejaa. Karatasi mpya ya manila inunuliwe likizoni.